Aliyeagwa na Mji Mzima

Mwamvita alimwomba dereva wa pikipiki asipite sokoni. Walikuwa wametoka Kindu siku mbili nyuma, wamenyeshewa njia nzima, matope yamewapanda hadi magotini, na mtu yeyote mwenye hali ile angetaka njia fupi ya kufika nyumbani. Yeye alimgusa dereva begani akamwambia azunguke nyuma ya misheni, apite katikati ya mashamba ya mihogo, akatokee kwenye njia iendayo mtoni.

"Kule kuna utelezi, mama," dereva akasema.

"Ninajua. Pita kule kule."

Hakumpa sababu. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba siku ishirini na nane kabla ya hapo Kasongo ilikuwa imemuaga, na haikumuaga kwa midomo tu. Ijumaa waliomba dua msikitini kwa jina lake. Jumapili akina mama wa kanisa walikuja na ngoma mpaka uani kwa shangazi yake, wakamchezea na kumwimbia, ingawa yeye ni Mwislamu na wao wanalijua hilo. Wenye maduka walimchagulia kitenge. Mkubwa mmoja wa ofisi ya teritware, yaani wilaya, alitoa hotuba ndefu, kisha akamkabidhi bendera ya nchi aende akaipachike mbele ya chombo. Redio ya mji ilimtaja asubuhi na jioni: Mwamvita binti Abdallah, muuguzi, mtoto wa mvusha watu wa pale mtoni, anakwenda kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa makasia, wanawake wanne ndani ya mashua moja, kuwatafutia msaada watoto wenye ugonjwa wa damu uitwao SS.

Sasa alikuwa anarudi na begi lile lile, bendera imekunjwa ndani yake, na bahari hajaiona hata kwa mbali.

Kinshasa walimnyima viza ya kwenda Ulaya, mashua ilikokuwa. Alikaa kule wiki tatu kwa mtu wa ukoo ambaye walionana kwa mara ya kwanza siku aliyofika, na kila alfajiri alikwenda kupanga mstari nje ya ubalozi. Mtu wa dirishani hakuwa mkali. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama daktari. Una mume? Hapana. Watoto? Mwamvita alisita, akasema alikuwa naye mmoja. Nyumba yenye jina lako? Shamba? Hapana, hapana. Mtu yule akaandika kila jibu. Siku kumi baadaye walimpa karatasi, akaisoma amesimama kando ya barabara huku magari yakimpita. Ilisema kwamba hakuna kinachoonyesha kuwa mwombaji atarudi kwao.

Aliisoma mara tatu. Kunyimwa kulimuuma, lakini wanaonyimwa ni wengi. Kilichomkaa rohoni ni ile sababu. Miaka sita alikuwa ameuficha upweke wake hata kwa ndugu, akiufunika kwa kazi, kwa mazoezi, kwa safari za huku na huku. Na mtu wa dirishani, aliyemtazama dakika saba tu, alikuwa ameuona na kuupigia muhuri.

Mwamvita alikuwa na miaka thelathini na minane. Baba yake, Abdallah, aliwavusha watu Lualaba kwa mtumbwi maisha yake yote, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, kafi alimpa binti. Binti akasoma uuguzi Kasongo, akapangiwa kazi katika kituo cha afya upande wa Kabambare, akaolewa na Souleymane, aliyekuwa na kiduka cha sabuni na betri. Wakapata mtoto mmoja, Nourdine.

Nourdine alizaliwa na SS. Chembe za damu yake zilipinda kama mundu, zikawa zinakwama kwenye mishipa, na zilipokwama mtoto alilia kwa maumivu ya mifupa ambayo mama hajui ashike wapi. Vidole vilimvimba, macho yakawa manjano, na kila miezi michache alihitaji kuongezewa damu. Mwamvita kama muuguzi alijua la kufanya, na alijua pia mahali ambapo kujua kunaishia. Mtoto alipofikisha miaka sita alizidiwa katikati ya masika. Damu ilikuwa Kasongo, na barabara ilikuwa imekatika mahali pawili. Alifia njiani juu ya pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mama yake, mwepesi kama mtoto wa miaka mitatu. Mama hakujua mpaka waliposimama kusubiri maji yapungue.

Souleymane alisema ni damu ya upande wa mke. Ndugu zake nao wakasema hivyo, na hakuna aliyempima yeyote kati ya wale wawili. Mwaka ule ule Souleymane alikwenda Salamabila kufuata dhahabu. Kwanza alikwenda kwa mwezi mmoja, halafu kwa miezi, halafu habari zikaja kwamba ameoa huko. Mwamvita alibaki na chumba chake cha muuguzi nyuma ya kituo. Watu waliendelea kumwita Mama Nourdine, kisha wakaanza kusitasita, kama wanaokanyaga ubao wasioujua vizuri.

Wazo la bahari lilikuwa la Grâce. Walisoma darasa moja la uuguzi. Grâce akaolewa Ubelgiji na kufanya kazi hospitalini kule. Yeye na wenzake wawili walikuwa wameanzisha chama cha kuwasaidia watoto wa SS wa Kasongo na Kabambare, na walitaka kuvuka bahari kwa makasia ili watu wa huko waamke na kuchangia. Walikuwa watatu. Mashua ilikuwa ya wanne.

"Wa nne ni weye," Grâce alimwambia kwenye simu. "Sisi tumejifunza kwenye mashini. Weye ulizaliwa ndani ya mutumbwi."

Mwamvita alikubali kabla simu haijakatika. Mwaka mzima, kila alipopata siku nne za mapumziko, alipanda pikipiki toka Kabambare hadi kwenye mtumbwi wa marehemu baba yake. Fundi seremala alimtengenezea kiti cha mbao na makasia mawili marefu, kwa sababu baharini mtu hukaa ameipa mgongo njia, akitazama alikotoka. Watu wa mtoni walicheka: huyu anakwenda kinyumenyume. Yeye aliendelea kuvuta. Mikono ilimchubuka, ikapona, ikawa migumu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilala usingizi usio na kitu ndani yake.

Hayo yote yalikuwa yamekwisha. Pikipiki ilimshusha kwa shangazi yake, Djamila, aliyeuza samaki wa kukaushwa karibu na gati la mitumbwi. Djamila alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaangalia begi, asiulize. Aliweka maji ya kuoga motoni.

Walipokuwa wanakula wali na samaki wa mawese ndipo aliposema, "Watu watasema siku tatu, mwanangu. Ya ine watapata mwingine wa kusema."

"Ninajua, shangazi."

"Basi kula."

Watu walisema siku tisa. Wengi hawakuwa na ubaya. Walikuja kumpa pole kama mtu aliyefiwa, wakakaa ukumbini bila neno, na kila aliyetoka alimwacha amechoka zaidi. Mwanamke mmoja wa kanisa aliuliza kwa upole kama kitenge kile bado anakihitaji. Mwamvita alimpigia simu Bruno, mkubwa wake kazini Kabambare, kumwambia anarudi.

"Mama Nourdine, pole sana," Bruno alisema. "Lakini nafasi yako tulimupatia mutu mpaka mwezi wa tatu. Na chumba pia. Iko na watoto, siwezi kumutosha inje sasa."

"Apana, usimutoshe," Mwamvita akajibu, na alimaanisha.

Kwa hiyo hakuwa na kazi, wala chumba, wala safari. Alikaa kwenye kibao nyuma ya nyumba akawa anawapanga samaki wa shangazi yake, wakubwa huku, wadogo kule.

Desemba ilipoanza wenzake waliondoka bila yeye. Grâce alimtumia ujumbe wa sauti kutoka kwenye mashua siku ya tatu. Nyuma ya maneno yake ulisikika upepo, na kitu kilichokuwa kinagonga, kinagonga. Alisema wanavuta saa mbili, wanalala saa mbili, usiku na mchana. Mmoja anatapika hadi leo. Halafu akasema, "Vile vipimo vyetu vya SS vilifika Kasongo. Katoni iko ofisini kwa zoni ya afya. Tulitaka kuifungua siku ya sherehe, tukisharudi. Uwe unaiangalia tu, isilowe."

Mwamvita alikwenda kuiangalia. Ilikuwa katoni moja juu ya kabati, na ndani mlikuwa na vipimo mia mbili, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba. Tone moja la damu, dakika tano, na mistari inatokea: mstari wa A, mstari wa S, au yote miwili. Kwa Nourdine ilibidi sampuli isafiri hadi Bukavu, na majibu yalirudi mtoto akiwa ameshajua kutembea. Alisimama pale ameishika katoni mpaka karani akamuuliza kama anajisikia vibaya.

Alipanda hadi kwa daktari mkuu wa zoni, mtu mnyamavu aliyekuwa na rundo la karatasi mbele yake.

"Hivi vinangoja nini, daktari?"

"Vinangoja sherehe."

"Watoto wa vijiji vya mutoni, nani anawapima?"

"Wenye kuchanja wanafika mara mbili kwa mwaka, maji yakikubali. Kupima damu, hakuna mutu."

"Mi niko na mutumbwi," Mwamvita akasema. "Na niko na muda mpaka mwezi wa tatu."

Daktari alisogeza karatasi zake. Alikuwa mmoja wa waliokuwepo siku ya kumuaga, na sasa alionekana akitafuta namna ya kumpa pole kwa safari iliyokwama bila kuitaja. Mwishowe alichukua kalamu akaandika ruhusa. Grâce, alipopata habari kule baharini, alijibu kwa neno moja: nenda.

Aliondoka wiki moja kabla ya Krismasi. Aling'oa kile kiti cha mazoezi, maana mtoni lazima uone mbele, akachukua kafi la baba yake. Katoni aliifunga kwa turubai mbili. Djamila alimpa mchele, chumvi, samaki na sufuria, akamshikia mtumbwi mpaka akakaa sawa. Hapakuwa na ngoma. Alikusudia kuteremka hadi bandari ya Kibombo, akisimama kila kijiji.

Lualaba ilikuwa imejaa. Maji mekundu-kahawia yalikuwa yameingia msituni pande zote mbili, miti imesimama ndani yake hadi kifuani, na visiwa vya nyasi vilikuwa vinateremka polepole vikiwa na ndege juu. Kuteremka si kazi ya nguvu. Ni kazi ya macho. Kuna magogo yanayoelea chini kidogo ya maji, kuna mizunguko inayouvuta mtumbwi kwa upande, na kuna viboko, ambao mtu huwasikia kabla ya kuwaona na kupiga kafi kuelekea ukingo bila kungoja kuhakikisha. Mikono yake ilijua yote hayo. Kilichomshangaza ni ukimya. Siku ya kwanza hakutoa neno hadi alasiri, na alipowasalimia wavuvi wawili sauti yake ilitoka imekwaruza, wakadhani anaumwa.

Wakati wa mazoezi alikuwa peke yake pia, lakini alikuwa peke yake akielekea kwa watu watatu. Sasa mbele yake kulikuwa na maji tu. Alijaribu kuhesabu mapigo ya kafi kama Grâce alivyomfundisha kwenye simu, mia, mia mbili, akapoteza hesabu. Mvua ikaja ikitembea juu ya mto, akaiona umbali wa kilomita nzima, akaingoja, ikampiga. Katika mvua ile alilia kidogo, si kwa jambo moja. Halafu akachota maji yaliyojaa ndani ya mtumbwi, akaendelea.

Kijiji cha kwanza kilimpokea vizuri na hakikumletea mtoto hata mmoja. Walimpa kigoda, wakampa mihogo. Wanawake walikaa mbali kidogo, watoto wao mapajani.

"Hii damu mutaipeleka wapi?" mama mmoja mzee akauliza.

"Siipeleki. Tone moja tu, tunaangalia hapa hapa, tunatupa."

"Tulisikia wanauzaka."

"Mi siuzi, mama."

"Sasa weye mwanamuke, bwana yako iko wapi, anakuachilia unatembea mutoni peke yako?"

Lilikuwa swali la kawaida, mtu yeyote angeliuliza. Mwamvita alikumbuka dirisha la ubalozi. Angeweza kudanganya; njia nzima alikuwa ametayarisha uongo, kwamba mumewe anamngoja Kibombo.

"Sina bwana," akasema. "Nilikuwa na mutoto mumoja. Alikufa na ugonjwa huu ninaoutafuta."

Hakuna aliyesema pole. Mwamvita akafungua kipimo kimoja, akajichoma kidole mbele yao, akadondosha damu yake, akakiweka juu ya kigoda. Dakika tano ni ndefu watu wakiwa wamekaa kimya. Mistari miwili ilitokea, A na S.

"Weye ni mugonjwa?" yule mama akauliza, amesogea.

"Mi siko mugonjwa. Niko na nusu. Mutu wa nusu anakaa muzima mpaka uzee. Lakini akikutana na mwenzake wa nusu, wakazaa, mutoto anaweza kuchukua nusu hizi mbili. Huyo ndiye SS."

Yule mama aligeuka, akamchukua mjukuu wake toka kwa binti yake, akaja naye. "Anza na huyu," akasema.

Siku ile alipima kumi na saba. Hakuwepo mgonjwa hata mmoja; watatu tu walikuwa na nusu. Walimpa mahali pa kulala karibu na jiko, na wanawake waliendelea kuongea kwa lugha yao huku wakicheka. Aliwasikiliza bila kuelewa, amejifunika kile kitenge cha maduka ya Kasongo, akawa kama mtu aliye nje ya dirisha la nyumba yenye taa.

Ikawa hivyo, kijiji baada ya kijiji. Alifika, akaeleza, akajichoma kidole pale walipoogopa, akapima, akaandika majina, akaondoka asubuhi. Watu walimsindikiza hadi majini na kumsukumia mtumbwi, na mto ulipokata kona walipotea machoni. Kila kona ilikuwa kuagana upya.

Siku ya kumi na moja alifika kwenye kambi ya wavuvi iliyoinuliwa juu ya nguzo. Mwanamke mmoja, Victorine, alikuja na binti wa miezi minane aitwaye Emmanuella. Mwamvita aliuona mkono wa mtoto kabla hajaufungua mfuko wake. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi ndogo. Alifanya kazi yake kwa utaratibu uleule, akasubiri zile dakika tano akitazama maji. Mstari wa S ulikuja. Wa A haukuja.

Alirudia kwa kipimo kingine. Ikawa vilevile.

Aliwaita mama na baba pembeni. Baba, mvuvi aliyeitwa Aristote, alikuja na wavu mkononi, akasimama. Mwamvita akawaambia pole pole: mtoto ana ugonjwa gani, kwa nini analia usiku, dawa gani anywe kila siku, homa ikija wafanye nini, na kwamba wapo wanaoishi nao hadi kuzeeka. Victorine alisikiliza huku amemkumbatia mtoto. Aristote alisikiliza akitazama wavu.

"Umetokea kwa nani?" akauliza. "Maana kwetu haupo."

Mwamvita alilijua swali lile kwa sauti yake, kwa pumzi yake hata. Alimwona Victorine anainamisha kichwa, kama anayejua tayari jibu litakaloangukia wapi.

"Nipe kidole," akamwambia Aristote.

"Mi siko mugonjwa."

"Mi pia siko. Nipe kidole, baba Emmanuella."

Labda ni kwa sababu aliitwa hivyo, au kwa sababu wenzake walikuwa wanatazama. Alikitoa. Mwamvita akamchoma, kisha akamchoma Victorine, akaviweka vipimo viwili kwenye ubao mmoja. Wote watatu wakachutama kuvizunguka. Mistari ilitokea pole pole, kama kitu kinachopanda kutoka chini ya maji: A na S kwa Victorine, A na S kwa Aristote. Mtu asingeweza kujua kipi ni cha nani.

"Ni ninyi wawili," Mwamvita akasema. "Nusu ya huyu, nusu ya huyu. Hakuna mwenye kumuletea mwenzake."

Aristote akaviinamia. Aliuliza ni kipi chake, akaonyeshwa, akaviangalia tena. Kisha akaweka wavu chini, akanyoosha mikono, akampokea mtoto toka kwa mkewe na kumweka begani. Victorine alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Ni jambo lililochukua nusu saa kwa jumla. Mwamvita aliaga mapema kuliko alivyokusudia, akasema mvua inakuja. Alipiga kafi mpaka kambi ikapotea, akauingiza mtumbwi katikati ya miti iliyosimama majini, akashika tawi na kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Nourdine barabarani. Hakulia kwa ajili ya Emmanuella. Alilia kwa sababu ilikuwa dakika tano tu. Laiti mtu mmoja, siku moja, angemwambia Souleymane atoe kidole. Huenda angeondoka vilevile. Wanaume huondoka kwa sababu nyingi. Lakini asingemwacha amebeba kosa la wawili peke yake. Alipomaliza kulia aliona sisimizi wengi wamepanda tawi lile lile kuyakimbia maji, na wameanza kumpanda mkono. Akawakung'uta, akatoka.

Kibombo alifika siku ya kumi na tisa. Gatini watu walikuwa wanapakua mahindi, na hakuna aliyeinua macho. Vipimo vilikuwa vimebaki sita. Majina yalijaa daftari moja na nusu, na kati yake manne yalikuwa ya watoto wa SS. Alipata mtandao, simu ikatetemeka kwa ujumbe uliolimbikana, na mmoja ulikuwa wa Grâce, mrefu, wa siku nyingi nyuma.

"Hawa ni watu wazuri," Grâce alikuwa anasema, chini chini, labda wenzake walikuwa wamelala. "Ni watu wazuri sana. Lakini nikitaja Kasongo kwao ni jina tu. Leo nilikaa zamu yangu, maji meusi, nikataka kusema neno moja kwa Kiswahili mutu anijibu. Nikasema 'jamani'. Hakuna aliyejibu. Mwamvita, weye iko wapi?"

Alimjibu kwamba yuko Kibombo, ni mzima, watoto ni wanne. Hakujua jibu lingefika lini.

Alikuwa amepanga kuuacha mtumbwi pale na kurudi kwa pikipiki. Badala yake alikwenda kituo cha afya, akaonyesha karatasi ya daktari, akapewa vidonge vya watoto wanne vya miezi mitatu. Kisha akaanza kuupanda mto. Kupanda Lualaba iliyojaa, mtu peke yake, ni kazi ya punda. Alikwenda akigusa ukingo, akishika matawi, mahali pengine akishuka na kuuvuta mtumbwi kwa kamba, maji kiunoni. Kuna siku aliyofanya kazi toka asubuhi na jioni bado akauona mti wa asubuhi.

Mmoja wa wale wanne, mvulana wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameshakufa alipofika. Homa ilikuwa imemchukua kwa siku mbili. Mama yake alimwonyesha kaburi, halafu akamrudishia kikaratasi alichokuwa ameachiwa, chenye jina la mtoto, kwa sababu alidhani ni mali ya serikali. Mwamvita alikaa naye mpaka jua likageuka.

Watatu waliobaki walipata dawa zao. Emmanuella alikuwa anacheza na kijiko.

Gatini Kasongo, mwishoni mwa Januari, alikuwepo Djamila na samaki zake. Alimtazama mpwa wake, amekonda, ameungua, akasema tu, "Karibu." Sokoni mtu mmoja alimuuliza kama bahari aliifikia. Mwamvita akajibu hapana. Daktari mkuu aliyasoma yale madaftari mara mbili, akaagiza meza na kabati viwekwe katika chumba kimoja cha hospitali, siku ya Jumatano iwe ya watoto wa SS. Ilianza na watoto wawili, na wiki nyingine hakufika hata mmoja.

Mashua ya akina Grâce ilifika ng'ambo baada ya siku sabini na tano. Mwamvita alikuwa gatini asubuhi hiyo, anaziba ufa wa mtumbwi kwa pamba na lami, simu ilipolia. Nyuma ya Grâce palikuwa na makelele ya watu na muziki; kisha mlango ukafungwa, pakawa kimya.

"Nimejifungia chooni," Grâce akasema. "Watu wanapiga makofi. Mi nasikia kichwa kinazunguka, chini hakutulii. Weye uliporudi, walikuja watu?"

"Shangazi alikuwepo."

"Eh." Grâce alivuta pumzi. "Ule upweke wa kule. Unaishaka siku moja?"

Mwamvita aliitazama lami iliyokuwa imeanza kuganda kidoleni. "Bado sijajua," akasema. "Mi nilikuwa nao kabla ya mutoni."

Grâce hakukata simu. Walikaa hivyo, kila mmoja akimsikia mwenzake anapumua. Baada ya muda mtandao ulikatika wenyewe. Mwamvita aliweka simu kwenye mfuko wa nailoni, akairudisha lami motoni ilainike, akaendelea na ufa, kwa sababu kesho yake alikuwa avuke kumwona mtoto mmoja wa ng'ambo ya mto aliyekosa Jumatano mbili mfululizo.